Kilo Tatu za Udongo Mbichi

Sisi Wakisi wa Ikombe hatupimi udongo kwa kilo. Tunaupima kwa mikono. Bibi yangu Elizabeth akishika donge anakwambia papo hapo: hili la chungu cha mboga, hili la mtungi, na hili aliyelikata alikuwa na haraka ya kwenda kula. Ndiyo maana lile kosa letu lilitupata. Asiye mfinyanzi asingeweza kulifanya.

Mimi ni Lusungu. Mguu wangu wa kushoto ulidumaa baada ya homa nikiwa na miaka mitatu. Mwembamba kama mpini wa kasia, tena mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita tisa. Hizo sentimita nazijua kwa sababu kila nilipopelekwa hospitali walinilaza, wakatoa futi, wakapima, wakaandika. Natembea kwa fimbo, na mtu wa fimbo hawezi kujitwika udongo akapanda nao juu ya mawe ya ufukweni kwetu. Darasa la saba nilimaliza vizuri. Sekondari ilikuwa ng'ambo ya njia ya mlima, basi nikabaki kufinyanga.

Udongo unachimbwa mbali kidogo na kijiji na unakuja kwa mtumbwi. Ukifika, wanawake wanajitwika na kupanda. Mimi nilikuwa nabaki nimekaa mtumbwini, nakata madonge kwa waya, nayarusha hadi juu kwenye majani ya mgomba aliyotandaza Bibi. Donge dogo nalitupa tu. Donge zito naliegemeza chini ya taya, nalisukuma kwa bega. Nilianza nikiwa na miaka kumi, majani yakiwa karibu na maji. Nilipofika ishirini na miwili, Bibi alikuwa ameyasogeza hadi karibu na ukuta wa nyumba.

"Rusha, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia. "Usinitembeze, mimi mzee."

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne alikuja mtu kununua vyungu. Alikuwa na filimbi shingoni na siku yenyewe si ya shule, nikajua huyu ni mwalimu wa michezo na anaipenda kazi yake. Hakuangalia vyungu. Alisimama akaniangalia nikimaliza nusu mtumbwi.

"Binti," akasema, "hilo la mwisho, hebu rudia."

"Shikamoo, Mwalimu. Nirudie, kwani limekosea njia?"

"Marahaba. Halijakosea. Rudia tu."

Nikarudia. Akapiga hatua kutoka kwenye mtumbwi hadi lilipoangukia, akihesabu kwa sauti, kisha akarudi akaanza kuhesabu upya kama mtu asiyeamini miguu yake mwenyewe. Aliitwa Mwalimu Sylvester, wa shule ya Bondeni, Kyela mjini. Alichuchumaa kando ya mtumbwi akanieleza kwamba kuna mashindano ya watu wenye ulemavu Dodoma mwezi wa saba. Kuna mchezo wa kutupa tufe ukiwa umekaa kwenye kiti. Kyela itatoa mwanamke mmoja.

"Mmoja tu?" nikauliza.

"Nafasi ni moja. Na mpaka leo sina mtu."

"Na wanapima nini?"

"Wanapima tufe limefika wapi. Wanavuta futi, wanaandika mita zako na jina lako."

Nilinyamaza. Kaka yangu Noah, ambaye ni mvuvi, alikuwa akishona wavu wake karibu, akasema, "Mwalimu, huyu akinyamaza hivyo ujue ameshakubali. Akikataa husema haraka."

Alisema kweli. Nilikuwa naiona ile futi. Safari hii ikinyooshwa, itakuwa kwa ajili ya kitu nilichofanya mimi.

Tufe la mwanamke aliyekaa ni kilo tatu, akasema Mwalimu. Shuleni kwao wanalo moja tu, hawezi kuniachia. Nitafute jiwe la kilo tatu, nifanye mazoezi, naye atanipigia simu.

Alipoondoka, Bibi akashika kiuno. "Jiwe? Nyumba ya mfinyanzi iende kuazima jiwe? Watatucheka mpaka Matema."

Tulichukua udongo mzuri, tukauponda na mchanga, tukaenda kwa Wilson, mnunuzi wa dagaa, ambaye mizani yake inaning'inia pale ufukweni kila asubuhi. Tukaongeza, tukapunguza, mshale ukasimama juu ya tatu. Kilo tatu kamili. Bibi akauviringa, akausugua kwa kokoto laini ile anayosugulia mitungi, ukawa tufe zuri kweli, linang'aa. Motoni hatukulipeleka, maana udongo usio na uwazi ndani unapasuka. Tulilifunika kwa majani, tukaliacha likauke kivulini taratibu bila ufa. Bibi alikuwa akiligeuza asubuhi na jioni kama mtoto mchanga.

Nikaanza. Nilikuwa nakaa ndani ya mtumbwi mkuukuu wa Noah uliovutwa mchangani, nasukuma, Noah anapima kwa kamba ya wavu aliyoifunga fundo kila nusu mita. Wiki ya kwanza mita tano na nusu. Wiki ya tatu mita sita. Wiki ya tano nikavuka fundo la mita sita na nusu, Noah akapiga kelele mpaka watu wakatoka wakidhani kuna mtu amezama. Siku Mwalimu alipopiga simu nilimwambia, kwa sauti ya unyenyekevu lakini kwa furaha: sita na themanini.

"Sita na ngapi?"

"Themanini, Mwalimu."

"Naandika jina lako leo hii," akasema.

Noah hakuweza kukaa na neno hilo. Kila mtumbwi alioupita ziwani aliuambia. Jumamosi vyungu vyetu vilipofika sokoni Matema, habari ilikuwa imetangulia, tena imekua njiani, imekuwa mita saba.

Mwalimu Sylvester akaja mwenyewe, zimebaki wiki tano kabla ya Dodoma. Alikuja na tufe la chuma kwenye mfuko wa rambo. Watu walikusanyika. Nikakaa mtumbwini, akanipa.

Mara lilipogusa kiganja nilijua. Lilikuwa dogo kuliko la kwetu lakini lilivuta mkono chini kama ndoo. Nilisema moyoni labda ni ugeni tu. Nikaliweka chini ya taya, nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

Mita tano na ishirini.

Nikarudia. Tano na kumi na tano. Mara ya tatu, tano kasoro. Mtu mmoja nyuma akasema, "Saba imekwenda kuoga." Watu wakacheka, nami sikuwalaumu, utani ulikuwa mzuri.

Mwalimu hakucheka. Alichukua tufe letu la udongo akalishika mkono huu, la chuma mkono huu. Akamtazama Bibi.

"Mama, hili mlilipima?"

"Kilo tatu! Muulize Wilson. Mshale ulisimama kama askari."

"Mlilipima lini?"

Hapo Bibi aligeuka kwangu. Tukatazamana. Ni mwanamke aliyefinyanga miaka hamsini. Kila siku anainua chungu kibichi kwa mikono miwili, na kikikauka anakiinua kwa mmoja. Mimi mwenyewe nafanya vivyo hivyo. Wala hatukukumbuka, kwa kuwa kilo zilikuwa jambo la Wilson na la Mwalimu, hazikuwa jambo la udongo.

Tukaenda nalo kwenye mizani. Kilo mbili na robo.

"Maji yamekunywa robo ya tufe," Noah akasema.

"Maji yameondoka, mjinga wewe," Bibi akasema, akakaa chini kwenye mchanga.

Mwalimu alinivuta pembeni. Hakunifokea, na heri angenifokea. "Lusungu, jina lako nimelipeleka kwa maneno ya sita na themanini. Sasa amejitokeza mwingine, kutoka Busale. Anaitwa Kisa. Alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Huyo anatupa chuma hiki hiki, mita tano na tisini. Ningeweza kumwandika leo."

"Lakini?"

"Lakini sijawahi kuona mtu anasukuma udongo kama wewe. Jumamosi ya wiki ya tatu njooni wote wawili uwanjani Kyela. Atakayetupa mbali ndiye anakwenda. Shule sasa imekubali kuliazimisha tufe hili kwa zamu, nalo linabaki kwa Kisa, ni zamu yake, sitakudanganya."

"Ndaga fijo, Mwalimu," nikamwambia. Nilimshukuru hivyo kwa Kinyakyusa ajue kwamba shukrani inatoka moyoni.

Jioni ile Bibi alitaka kulivunja lile tufe kwa mchi. Nilimzuia. Niliketi nalo mapajani nikafikiri polepole, kama nifikirivyo. Tatizo letu halikuwa udongo, lilikuwa ukavu. Na mfinyanzi anajua kuzuia ukavu. Chungu kikiwa nusu, mdomo haujajengwa, tunakifunika kwa gunia bichi na majani ya mgomba kisubiri kesho. Kinaweza kusubiri wiki nzima.

"Bibi," nikamwambia, "tulivunje, tuliloweke. Nitatupa udongo mbichi."

"Utabonyea kama ugali ukianguka."

"Ubonyee. Mimi kazi yangu ni kuviringa."

Basi nikaanza upya. Kila asubuhi kwa Wilson, kabla hajaanza kupima dagaa, nilipima udongo wangu. Ukipungua nauongezea maji. Kilo tatu siku nne za kwanza. Kisha kila siku nikawa naongeza udongo kiasi cha yai la kuku. Wilson alikuwa akinitania: "Dada, mtoto anakua vizuri. Chanjo amepata?"

Nikitupa, udongo unaanguka pwaa! unakuwa bapa. Noah anapima, ananiletea, nauviringa tena mpaka mviringo unarudi, ndipo natupa. Mara thelathini kwa siku. Mwanzoni ilinichosha ile kuviringa kuliko kutupa. Lakini siku ya sita niliona kitu.

Udongo mbichi unashika alama. Kabla ya kuviringa nikawa naangalia upande ulioelekea juu, ambao haukugusa mchanga, na pale palikuwa na vidole vyangu. Alama tatu za katikati zilikuwa hafifu. Ya kidole kidogo ilikuwa shimo, refu, imeburuzwa pembeni. Nikatupa tena, nikaangalia: shimo lile lile. Maana yake tufe lilikuwa linatoka mkononi kwa upande, linateleza juu ya kidole kidogo, na nguvu yangu nyingi ilikuwa inamwagikia kando. Mwalimu mwenyewe asingeweza kuiona. Chuma kisingeweza kuniambia.

Nilimwita Bibi aone. Akainama, akaweka vidole vyake juu ya alama zangu.

"Ulikuwa ukifinyanga hivi hivi ulipokuwa mdogo," akasema. "Vyungu vyako vyote vililalia upande mmoja. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia kiganja kipumzike, vidole vifanye kazi."

"Sasa unataka nikwambie mara mbili?"

Ikawa hiyo ndiyo shule yangu. Nilikuwa nasoma alama kila baada ya kutupa. Wiki ya pili kidole kidogo kilianza kunyamaza. Wiki ya tatu alama zilikuwa nne zinazofanana, zenye kina kimoja, kama nyayo za mtu mmoja asiye na haraka. Na udongo wakati huo ulikuwa kilo nne, nikaufikisha fundo la mita tano. Noah alitaka kutangaza. Nikamwambia akifungua mdomo nitamfinyangia kifuniko.

Jumamosi tulitoka na mtumbwi wa vyungu hadi Matema, tukapata gari la Kyela, tukafika uwanjani saa nne. Kisa alikuwa ameshakaa, mguu wa bandia ameuvua ameulaza kando kama mwamvuli, anakula ndizi ya kuchoma. Mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa mpunga, sauti yake unaisikia kabla hujaona uso.

"Huyu ndiye Mkisi wa mita saba?" akaita.

"Shikamoo, dada. Zilikauka," nikasema.

Alicheka mpaka ndizi ikamtoka mkononi. "Marahaba! Kaa hapa karibu nami. Nimesikia ulipima udongo mbichi. Sisi Wanyakyusa mpunga mbichi hatuupimi hata kwa kulogwa."

"Ndiyo maana hamna vyungu vyenu wenyewe. Wali mnaupikia kwenye vyungu vyetu."

"Ehee! Anajibu! Mwalimu, umeniletea mtu, si mgonjwa." Halafu akashusha sauti. "Lakini sikuachii, mdogo wangu. Nina watoto wawili nyumbani wanangoja kumwona mama yao akipanda basi la timu."

"Wala usiniachie, dada."

Kiti kilikuwa cha chuma, kimechomelewa na fundi wa mjini na kufungwa chini kwa kamba. Unakaa, unafungwa mikanda mapajani, unatupa mara tatu mfululizo. Makalio yakiacha kiti, bendera nyekundu, na mtupo huo umekufa. Kisa alianza. Tano na themanini na tano. Sita na tano. Tano na tisini na nane. Ile ya pili alipoiona alipiga kigelegele mwenyewe, na watu wakampokea.

Mita sita na sentimita tano. Nilijifunga mikanda nikiwa naisema kichwani.

Tufe lilipogusa kiganja, lilikuwa dogo. Kweli kabisa, baada ya kilo nne lilikuwa kama chungwa, nikataka kucheka. Nikasukuma kwa furaha ile, likaenda mbali, nikasikia watu "aaah!" na nilipoangalia, bendera ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nimeinuka. Mtumbwini ukisukuma kwa nguvu unanyanyuka kidogo, hakuna anayekuzuia. Miaka kumi na miwili ya mtumbwi.

Mtupo wa pili niliukalia kama kuku juu ya mayai. Bendera nyeupe. Tano na sabini na moja.

Ukabaki mmoja. Noah alikuwa ameshika kichwa. Mwalimu alikuwa anaangalia karatasi yake kama vile kuna kitu kimeandikwa pale. Kisa akaita kutoka kwenye benchi, "Mkisi! Pumua kwanza, tufe halikimbii!"

Nikapumua. Nililishika tufe, nikafunga macho kidogo, nikalibonyeza kwa vidole vinne. Chuma hakikubali alama. Lakini mimi nilikuwa nimeona alama mia nne, na nilijua ingekuwepo wapi kila moja kama kingekuwa udongo. Nikakaa. Nikasikia kiti chote chini yangu, kushoto na kulia, mguu mzima na mguu mwembamba sawasawa. Kiganja kipumzike.

Nikasukuma. Sikusikia chochote kikiteleza. Niliona tu tufe likienda moja kwa moja, halikulalia upande, likaanguka likachimba.

Bendera nyeupe.

Wakavuta futi. Aliyeshika upande wa mbali alikuwa kijana wa watu, akainama, akasoma, akasoma tena.

"Sita na kumi na nane."

"Pimeni tena!" Kisa akasema. "Nami nina haki yangu. Pimeni tena!"

Wakapima tena, Kisa mwenyewe akiwa amechechemea kwa mguu mmoja hadi pale, ameegemea bega la Noah, ameinama juu ya futi. Aliponyooka uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, nami nilikumbuka watoto wake wawili.

"Sita na kumi na nane," akasema. "Na milimita za juu huyu kijana ameziacha, mie nisingeziacha." Akanijia pale kitini, akanifungulia mikanda kwa mikono yake. "Nenda. Lakini mwakani nitakuja Ikombe kununua udongo wako."

"Njoo. Nitakufundisha kuusoma."

"Bure?"

"Kwa mchele."

Mwalimu Sylvester aliandika jina langu, na mbele yake mita. Niliomba kuiona karatasi. Alinipa bila kuuliza kwa nini. Niliisoma mara mbili, nikamrudishia.

Safari hii tufe lilikuwa zamu yangu hadi siku ya kwenda Dodoma. Nililiweka ndani ya chungu kimoja ambacho hakikununuliwa, nikakijaza nyasi, tukarudi Matema na kuvuka kwa mtumbwi. Kisa alikuwa ametusindikiza hadi kwenye gari, na neno lake la mwisho lilikuwa: "Ukilirudisha limekauka, nitakushtaki!"

Bibi alikuwa anatungoja majini hadi magotini. Alisoma nyuso zetu kabla mtumbwi haujagusa mchanga, hakuuliza matokeo. Aliomba tu kulishika lile tufe. Akalipima mkononi, juu chini, juu chini, amefumba macho.

"Hili limekauka zamani," akasema. "Kilo tatu. Hawa ni waaminifu."

Jumatatu mtumbwi wa udongo ulifika kama kawaida. Wanawake wakajitwika wakapanda. Nilikaa, nikakata donge la kwanza kwa waya, nikaliweka chini ya taya, nikatafuta majani ya mgomba kwa macho. Hayakuwepo karibu na ukuta. Bibi alikuwa ameyahamishia mbali zaidi, kupita pembe ya nyumba, ng'ambo ya tanuri, na amesimama pale amenyoosha mikono.